Kuingia si Kuenea: Bastola ya Kale na Risasi Zilizoadimika

Juma hili hebu tuanze kwa kitendawili. Ni chombo gani kinachoweza kukaa sandukuni miaka mia moja, chuma chake kizima na mpini wake mzima, lakini kikawa hakifai kitu kwa kuwa chakula chake hakipikwi tena? Mji nimewapa? Jibu ni bastola ya kale ya kijeshi.

Wengi wetu twaijua bastola kwa sababu ya filamu. Mchezaji hodari huichomoa kiunoni, akafyatua mara kumi na tano bila kuijaza, kisha akapuliza moshi na kwenda zake. Jambo ambalo filamu haituonyeshi ni risasi yenyewe: imetengenezwa na nani, kwa kipimo gani, na je, ni ya bastola ile kweli? Waama, bastola bila risasi ni nyundo mbovu tu. Risasi ndiyo huifanya iwe silaha.

Leo basi tutazungumza juu ya watu ambao, huko Marekani na kwingineko ambako sheria inawaruhusu, huketi mezani jioni na kushindilia risasi moja moja kwa mikono yao, ili bastola za enzi za babu zao ziweze kulia tena. Ni kazi ya subira, tena yenye hatari, na ndani yake mna mafunzo hata kwa yule ambaye hataishika bastola maisha yake yote.

Mfano wetu utakuwa Webley, bastola ya jeshi la Uingereza iliyotengenezwa mjini Birmingham. Ya kwanza katika ukoo huo ilipokelewa jeshini mwaka wa 1887. Ukoo ukaendelea kuboreshwa hadi toleo la sita, lililotolewa mwaka wa 1915 vita vikiwa vimepamba moto. Ni chuma kizito, kilo moja na ushei. Ina silinda yenye vyumba sita. Ukibonyeza komeo lililo karibu na nyundo, bastola hukunjuka katikati, mtutu ukainama, na nyota ndogo ya chuma ikayasukuma nje maganda yote sita kwa pamoja. Askari aliyelowa matope aliweza kuifungua, kuijaza na kuifunga upesi.

Hapa kwetu Webley si mgeni. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918, mapigano yalifika Taveta, Longido na Tanga, na ofisa Mwingereza wa KAR kwa kawaida aliining'iniza kiunoni. Masanduku ya risasi nayo yalibebwa na Waafrika wa kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, na jina hilo ndilo lililozaa Kariokor ya Nairobi. Kwa hivyo unapopita Kariokor kununua kiondoo au nyama choma, kumbuka kwamba risasi zina uzito, na kuna watu waliozibeba.

Sasa risasi ni nini hasa? Kiswahili chetu kina siri hapa, kwani neno risasi kwanza ni jina la madini, yale mazito ya kijivu ambayo huyeyuka upesi motoni. Lakini kile kitu kizima kinachotiwa ndani ya bastola kina sehemu nne. Kuna ganda la shaba. Kuna fataki, kile kikofia kidogo kilicho kitakoni mwa ganda, ambacho hulipuka kikigongwa. Kuna baruti ndani ya ganda. Na mbele kabisa kuna kichwa cha risasi, ambacho ndicho huruka. Nyundo ikigonga fataki, fataki huwasha baruti, baruti hugeuka gesi kali, na gesi hukisukuma kichwa kupitia mtutuni. Ganda hubaki.

Ni huku kubaki kwa ganda ambako kumewapa kazi mafundi tunaowazungumzia. Ganda la shaba likitunzwa vyema laweza kujazwa upya mara nyingi. Wazee wetu wenye magobori waliifahamu kazi hii kwa njia yao: walipima baruti, wakaitia mtutuni, wakaishindilia kwa kijiti, kisha wakatia risasi. Kila mwindaji alikuwa kiwanda chake mwenyewe. Kiwanda cha kisasa kilipokuja na risasi zilizofungwa tayari, mwenye bunduki alipata raha, lakini akawa mtumwa wa duka. Duka likiacha kuuza, bunduki huwa pambo.

Hayo ndiyo yaliyoipata Webley. Risasi yake ilijulikana kwa kipimo cha inchi 0.455, au .455 kwa mkato. Ilikuwa risasi nene na ya polepole. Kichwa chake kilikuwa na uzito wa gramu 17 hivi, na kilikwenda kwa kasi ya futi 600 na kitu kwa sekunde. Katika miaka ya 1930 jeshi la Uingereza lilihamia bastola nyepesi ya kipimo cha .38, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia ile .455 ikastaafu. Mahitaji yakapungua, viwanda vingi vikaiacha. Kampuni ya Fiocchi ya Italia ni miongoni mwa chache ambazo zimeendelea kuikumbuka, lakini risasi hizo huwa adimu na ghali.

Wakati huohuo, katika miaka ya baada ya vita, Webley nyingi kutoka maghala ya jeshi ziliuzwa Marekani kwa bei ya kutupa. Mmarekani akajikuta na bastola nzuri, ya bei rahisi, lakini isiyo na risasi. Angefanya nini? Wafanyabiashara wakapata ujanja. Nchini Marekani risasi ya .45, ile ya bastola ya jeshi lao ya mwaka wa 1911, ilijaa kila duka. Unene wake wakaribiana sana na wa .455. Basi wakaichukua silinda ya Webley, wakaikwangua kwa nyuma kwa mashine, na kumbe! Risasi za .45 zikashikizwa kwenye kibanio chembamba cha chuma zikaingia vizuri kabisa. Bastola ikafungika. Ikafyatuka.

Hapa ndipo nataka utulie, msomaji wangu, kwa maana hili ndilo kiini cha makala yetu. Kuingia si kuenea. Kiatu cha mtoto wako chaweza kuingia mguuni mwako kwa kukanyaga kisigino, lakini hakijakuenea. Risasi ya .45 iliingia ndani ya Webley, lakini Webley haikuundwa kuistahimili.

Tazama hesabu. Gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa ratili 30 hivi kwa kila inchi mraba. Risasi ya .455 iliundwa kwa shinikizo la gesi la ratili 13,000 hivi kwa inchi mraba. Ile ya .45 inayotoka kiwandani yaruhusiwa kufika ratili 21,000. Hiyo ni zaidi ya mara moja na nusu. Bastola mpya ilipotoka kiwandani ilijaribiwa kwa risasi kali kuliko ya kawaida ili kuona kama ina kasoro, na wajuzi wa bastola hizi husema kwamba risasi ya kawaida ya .45 hufikia ukali wa ile ya majaribio. Kwa maneno mengine, mwenye Webley iliyokwanguliwa akiijaza risasi za dukani, kila anapofyatua huwa anairudisha kwenye mtihani ambao ilitakiwa kuufanya siku moja tu. Tena sasa ina miaka zaidi ya mia moja. Huenda ikafaulu leo na kesho. Keshokutwa ukuta wa chumba ukapasuka, na vidole viko pale pale.

Ndiyo maana wapenzi wa bastola hizi wenye busara huamua kujitengenezea. Hawafanyi hivyo ili wapate risasi kali zaidi, la hasha. Wanatafuta risasi pole. Wenye Webley zilizokwanguliwa hutumia ganda la .45, lakini wakalijaza kwa kipimo cha upole wa .455. Wengine hutumia ganda lenye ukingo mnene ambalo lilibuniwa na kampuni ya Peters ya Marekani mwaka wa 1920, ambalo halihitaji kibanio. Na wenye Webley ambazo hazikuguswa hutafuta maganda halisi ya .455, au wakachukua maganda marefu ya risasi nyingine, wakayakata na kuyapunguza ukingo kwenye mashine ya kukereza.

Kazi yenyewe huendaje? Fundi huanza kwa kuosha na kukagua maganda, moja moja, akitupa lolote lenye ufa. Kisha huliingiza ganda kwenye mashine ya mkono iliyofungwa mezani, akavuta mkono wake, na fataki kuukuu ikatoka huku ganda likirudishwa kwenye umbo lake. Fataki mpya hutiwa. Baruti hupimwa kwa mizani ndogo kuliko ya sonara, kulingana na kitabu cha vipimo kilichochapishwa na watengenezaji wa baruti. Mwisho kichwa cha risasi hukandamizwa mahali pake, na mdomo wa ganda ukabanwa kidogo ili kishike.

Hata kichwa hicho kina hadithi yake. Mafundi wengi hukisubu wenyewe, wakiyeyusha madini ya risasi pamoja na bati kidogo na kuyamimina kwenye kalibu. Sasa Webley ina tabia ya ajabu: matundu ya silinda yake aghalabu ni membamba kidogo kuliko mtutu. Kichwa kinapopita tunduni hubanwa, kisha hukuta mtutu mpana. Kama ni kigumu, gesi itavuja kandokando yake na shabaha itapotea. Waingereza walilitatua jambo hilo kwa kukifanya kichwa kiwe cha madini laini na chenye shimo kwa nyuma, kama kikombe kilichofunikwa. Gesi ikiingia ndani ya kikombe hicho hukitanua, kikaujaza mtutu. Mwanafunzi wa fizikia, hapo umeona somo lako likifanya kazi bila ubao wala chaki.

Lakini hatari kubwa kuliko zote imelala ndani ya ganda, na chanzo chake ni historia. Risasi ya kwanza ya Webley ilijazwa baruti nyeusi, ile ya makaa, kiberiti na shura, ambayo huhitaji nafasi kubwa. Mwaka wa 1889 wanasayansi wawili wa Uingereza, Frederick Abel na James Dewar, walivumbua baruti mpya isiyo na moshi mwingi, iliyofanana na nyuzi za tambi. Waliiita kodaiti. Kiasi kidogo chake kilifanya kazi ya baruti nyeusi nyingi. Mwaka wa 1897 jeshi lilifupisha ganda la .455, kutoka milimita 22 hivi hadi 19 na kitu, kwani nafasi yote ile haikuhitajika tena. Hata hivyo nafasi ilibaki, na baruti za leo huchukua nafasi ndogo vilevile.

Maana yake nini? Chukua sufuria ya kupikia watu kumi, utie kijiko kimoja cha sukari. Ukisahau ukatia kijiko cha pili, sufuria haitafurika. Hutaona tofauti. Ndivyo ilivyo ndani ya ganda. Fundi akipigiwa simu katikati ya kazi, akarudi na kutia baruti mara ya pili katika ganda lilelile, hakuna kitakachomwagika kumwonya. Kichwa kitaingia vizuri, risasi itafanana na wenzake, na bastola itapasuka mkononi. Na akisahau kabisa kutia baruti, mambo si afadhali. Fataki peke yake yaweza kukisukuma kichwa hadi katikati ya mtutu kikakwama. Mpigaji akisikia mlio hafifu, akafyatua tena bila kuchungulia, risasi ya pili itaikuta ya kwanza imeziba njia.

Kwa sababu hiyo fundi mwenye akili ana masharti yake. Aina moja tu ya baruti huwa mezani. Redio huzimwa, wageni hungoja, na sigara haikaribii. Maganda hupangwa wima kwenye kibao chenye matundu, na kabla ya kutia kichwa chochote, fundi humulika kila ganda kwa tochi na kulinganisha kina cha baruti. Huandika daftarini kila alichofanya, na kila kisanduku hubandikwa karatasi inayosema ni risasi za bastola ipi. Mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kushika chakula, kwani madini ya risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga, na hapa haina hata vidole.

Sheria nazo zasemaje? Nchi zatofautiana kama chungu na sufuria. Marekani, kwa sheria ya mwaka wa 1968, bunduki iliyotengenezwa mwaka wa 1898 au kabla yake huhesabiwa kuwa ya kale, na sheria ya serikali kuu haimtaki mtu awe na leseni ili kujishindilia risasi za matumizi yake mwenyewe. Akitaka kuziuza, hapo ni lazima awe nayo.

Uingereza, nyumbani kwa Webley, mambo ni mengine kabisa. Mwezi wa Machi 1996 mtu mwenye bastola aliingia shule ya msingi mjini Dunblane, Uskoti, akawaua watoto 16 na mwalimu wao. Mwaka uliofuata Bunge lilipiga marufuku karibu bastola zote kwa raia. Chache za thamani ya kihistoria ziliruhusiwa kubaki kwa masharti makali, nyingine zikipigwa tu katika vituo maalumu kama Bisley.

Lakini kuna kifungu kimoja cha sheria yao ambacho kinafundisha sana. Bastola ya kale ambayo risasi zake hazitengenezwi tena yaweza kuwekwa nyumbani bila cheti, almuradi ni pambo tu. Serikali ina orodha ya risasi hizo zilizokufa. Ile .455 haimo, maana bado i hai. Basi wahalifu waliisoma orodha hiyo kwa makini kuliko wanasheria. Walinunua mapambo, wakatafuta mafundi wa kuwashindilia risasi za siri, na mapambo yakaanza kuua watu mitaani. Mwaka wa 2021 serikali iliondoa aina saba za risasi kutoka orodha hiyo, kwa kuwa bastola zake zilikuwa zimeonekana katika uhalifu. Waliokuwa nazo walitakiwa kuomba vyeti au kuzitoa. Unaona? Chuma hakikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba mtu fulani alijifunza kupika chakula chake.

Hapa Kenya ndugu zangu, nisieleweke vibaya. Kazi hii si ya kujaribiwa uani wala garejini. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, yataka kila mwenye silaha au risasi awe na cheti, na kushika hata risasi moja bila kibali ni kosa linaloweza kukupeleka jela. Nimeieleza kazi hii ili tuielewe, si ili tuiige. Mtoto akililia wembe mpe, husema watu, lakini wembe hukata aliyeulilia peke yake. Risasi humpata na asiyelia.

Na kuna nyumba ambazo jambo hili ni karibu kuliko tunavyodhani. Babu au mjomba alikuwa askari zamani. Amefariki, na jamaa wanafungua sanduku lake. Chini ya koti kuukuu na medali wanakuta risasi tatu nne zilizoshika kutu ya kijani. Watoto wamekwisha kuzichukua kuchezea. Jamani, risasi haizeeki kama binadamu. Fataki ya miaka sabini yaweza kuwa imekufa, na yaweza kuwa hai. Kwa macho hutajua. Msiigonge, msiitoboe, msiitupe jikoni wala kwenye takataka zitakazochomwa, na msiibebe kwenye matatu kuipeleka mahali. Watoeni watoto, acheni ilipo, mkamwite chifu au polisi waje waichukue. Kumbukumbu ya babu itabaki katika medali na picha zake.

Kwa wanafunzi wangu, nawaachia neno moja la kuchukua shuleni. Duniani kuna vitu vingi ambavyo huingia bila kuenea: fyuzi kubwa katika waya mwembamba, dawa ya mgonjwa mmoja ndani ya kinywa cha mwingine, mtungi wa gesi na kidhibiti kisicho chake. Vyote hivyo vitakubali kuingia. Havitakuonya. Kipimo hakimo katika tundu, kimo katika kujua kile kilichotarajiwa na aliyekiunda chombo. Fundi wa Webley anayechungulia kwa tochi ndani ya maganda hamsini kabla ya kulala amelielewa jambo hilo, na ndiyo sababu bado ana vidole kumi vya kuhesabia.

Tukutane Jumapili ijayo, majaliwa. Kwaherini.